Buswezi si Bulogi: Juu ya Wachunguzi wa Desturi Zetu na Maneno Yao

Katika mwaka 1938 kilipigwa chapa huko Marekani kitabu cha bibi mmoja mweusi, Zora Neale Hurston, juu ya miungu na dawa za watu wa Haiti na Jamaika. Bibi huyo alikuwa amefundishwa elimu ya desturi za watu na Franz Boas wa New York, kisha akasafiri mwenyewe akakaa na wenyeji, akasikiliza. Kitabu alikiita Tell My Horse, na jina hilo limetoka katika msemo wa watu wa Haiti: roho ikimpanda mtu husema kwa kinywa chake, na mtu yule huitwa farasi wake. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana kwao mwenye kupandwa na pepo huitwa kiti. Lakini mwaka uliofuata kitabu kilitolewa Uingereza kwa jina jingine, Voodoo Gods, na jina hili lina hadithi yake. Neno vodun katika lugha ya Wafon wa Dahomey, nchi iitwayo sasa Benin, maana yake ni mungu au roho ipewayo ibada. Lilipovuka bahari na kuingia katika Kiingereza, hasa miaka ile Wamarekani walipoishika Haiti kwa nguvu za askari, 1915 hata 1934, likageuka kuwa jina la uchawi na vitisho. Neno la ibada likawa neno la kuogofya, na watu walioabudu kwa neno hilo wakahesabiwa wachawi.

Tumeanza mbali hivi, wala si kwa kupenda habari za kigeni. Jambo lililolipata neno la Wafon limeyapata maneno yetu wenyewe hapa Isaka na katika nchi yote ya Usukuma, Unyamwezi na Usumbwa. Nasi waalimu tumekuwa na mkono katika jambo hilo. Tumesoma kazi za wachunguzi wawili walioandika juu ya mizimu na dawa za nchi yetu, mmoja wa zamani na mmoja wa siku hizi. Twataka kuwaambia wasomaji zina faida gani, zina upungufu gani, na kwa nini tumeona ni wajibu kuzisoma, ijapokuwa mambo yaliyomo siyo imani yetu.

Kwanza yafaa kueleza Buswezi ni nini, kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine. Baswezi ni chama cha watu waliopandwa na mizimu ya namna ya pekee, na mkubwa wa mizimu hiyo ni Lyangombe. Jina hilo si la hapa tu. Warundi humwita Kiranga. Wanyarwanda humwita Ryangombe, nao husimulia kwamba alikuwa mwindaji hodari aliyeuawa na nyati, na kwamba wafuasi wake hukutana naye baada ya kufa katika mlima wa Karisimbi. Bunyoro na Ankole na Buhaya watu huwataja Wachwezi, watawala wa kale waliotoweka wakabaki kuwa roho, akina Ndahura na Wamara. Yaonekana wazi kwamba ibada hii ilitoka upande wa maziwa, ikapita Usumbwa hata kufika kwetu. Leo malori yapakiayo mizigo katika bandari kavu ya Isaka yakielekea Kigali huifuata njia ya mizimu hiyo kinyumenyume.

Mtu haingii Buswezi kwa kupenda sifa. Aghalabu huanza na ugonjwa usiopona, au utasa, au misiba ya mfululizo. Wenyewe huenda kwa mfumu, ndiye mganga na mwaguzi, naye huona kwamba babu au nyanya aliyekuwa Muswezi anadai mahali pake pashikwe na mmoja wa wajukuu. Basi mgonjwa huingizwa katika chama kwa ibada ndefu, hufa kwa mfano na kuzaliwa upya, hupewa jina jipya, hufundishwa maneno yasiyosemwa mbele ya wengine, na kuapishwa asiyatoe nje. Akitoka, ana ndugu wapya katika nchi nzima, watakaomlisha akifika kwao na kumzika akifa.

Mchunguzi wa kwanza ni Bwana Hans Cory. Alizaliwa Vienna mwaka 1888, na jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner. Alifika nchi hii zamani za Wadachi, na baadaye akawa mtaalamu wa serikali ya Kiingereza katika desturi za wenyeji. Alikufa mwaka 1962. Wengi wamjua kwa vitabu vya sheria, hasa kile cha sheria na desturi za Wasukuma kilichotolewa mwaka 1953. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Habari za Buswezi alizitoa mwaka 1955 katika jarida la wataalamu wa Marekani, kurasa kama thelathini, akieleza namna wanachama wapya wanavyoingizwa.

Sifa ya Bwana Cory ni uvumilivu. Huandika ibada kama mtu aliyezoea kuandika sheria: hili hutangulia, lile hufuata, huyu husimama hapa, yule hujibu hivi. Hachezi na msomaji, wala hamtishi. Tena tumwekee haki yake: mapema, mwaka 1936, alipoandika juu ya ngoma ya sheitani, aliita kazi ile tiba ya watu waliosumbuka rohoni. Wakati ambapo wengi waliona makelele ya ushenzi tu, yeye alimwona mgonjwa na wanaomwuguza. Kabla yake Padre Fridolin Bösch, wa shirika la Mapadre Weupe, alikwisha kuandika kitabu kikubwa juu ya Wanyamwezi, kilichopigwa chapa mwaka 1930 kwa Kifaransa. Twamtaja ili isidhaniwe kwamba watu wa misioni hawakujua ila kuvunja. Walikuwako walioketi wakauliza.

Lakini upungufu wa Bwana Cory watokana na sifa yake ile ile. Akiisha kupanga hatua zote za ibada, msomaji ajua yaliyotendeka, illa hajui sana aliyetendewa aliona nini moyoni. Alikuwa mgonjwa; je, alipona? Alikuwa peke yake. Je, aliupata undugu aliouahidiwa? Tena liko jambo la kiapo. Waliomweleza siri hizi walikuwa wameapa kutozitoa, nazo zikatolewa ng'ambo, katika lugha wasiyoisoma na jarida wasiloweza kulinunua. Hatusemi ilikuwa vibaya kuandika. Pasipo maandishi hayo watoto wetu wasingejua neno lolote, maana wazee wanakufa. Twasema tu kwamba deni liko, na kulilipa kungekuwa kuirudisha habari ile kwa wenyewe katika lugha wanayoisoma. Mpaka hapo Buswezi ni mali yetu tuwekewayo katika ghala ya watu wengine.

Mchunguzi wa pili ni Bwana Koen Stroeken, Mbelgiji, aliyekaa Usukuma katika miaka ya tisini ya karne iliyopita na kujifunza kwa waganga wenyewe. Kitabu chake, Moral Power, kilitolewa mwaka 2010. Ni kitabu kigumu. Bwana Stroeken apenda sana maneno ya kitaalamu, na mara nyingine tumerudia ukurasa mmoja mara tatu kabla ya kushika maana yake. Hata hivyo twakiri kwamba hatujasoma kitabu kingine kilichotufumbua macho kama hiki juu ya watu tuliozaliwa nao.

Hoja yake kubwa ni hii. Mtu aliyerogwa haogopi sumu ya mchawi tu. Aogopa kwamba mchawi yuna haki. Mchawi katika mawazo ya Wasukuma si mgeni atokaye mbali. Ni shangazi aliyesahauliwa katika mgao wa nyama, ni jirani aliyeomba akanyimwa, ni mke mwenza aliyepitwa. Mgonjwa alalapo usiku hujiuliza: je, kweli sina deni lake? Na swali hilo lisilo na jibu ndilo limtafunalo. Hiyo ndiyo nguvu ya mchawi, nguvu ya haki aliyo nayo juu ya moyo wa mtu, na jina la kitabu limetoka hapo. Sisi tuliosikia mashauri mengi chini ya miembe twasema kwamba Bwana huyu ameona kweli. Hatujasikia mtu akimshitaki asiyemjua.

Kisha aonyesha kwamba dawa na ibada hufanya kazi nyingine kabisa. Katika bugota, yaani dawa, huongezwa kitu kiitwacho shingila, na neno hili lina undugu na kuingia: ni mlango ambao kusudi la mganga huingilia katika majani na mizizi. Katika lukago, ile kinga ya mji, mwenye mji hujizungushia ulinzi, akaweza kulala. Na katika ngoma ya Buswezi yule aliyekuwa akijitafuna kwa mashaka hupandwa, hucheza, huimbiwa na wenziwe, na hofu yake huondoka. Basi mtu mmoja, mwenye imani moja, aweza leo kumwogopa mchawi hata kutetemeka, na kesho kuwa huru kabisa, pasipo kumgusa mtu yeyote. Tiba humwondolea mchawi nguvu zake. Haimwondoi mchawi katika nchi ya walio hai. Hilo ndilo jambo tunalotaka wasomaji walishike.

Hapa ndipo tunapofika kwenye maneno, na gazeti hili ni la maneno. Lugha zetu hazikuchanganya mambo haya. Bufumu ni kazi ya mwaguzi na mganga, na mwenye kazi hiyo hujulikana, hufuatwa mchana. Buswezi ni chama cha mizimu, nacho hucheza ngoma yake hadharani ijapokuwa ina siri. Kutambikia masamva, mizimu ya ukoo, ni wajibu wa kila nyumba. Bulogi ni kudhuru kwa siri. Haukiriwi na mtu, hauna chama wala ngoma, na mwenye kushukiwa huwa adui wa wote wengine niliowataja. Kiswahili nacho, katika asili yake, kilikuwa na utaratibu huo huo: mganga ni mbali na mchawi, na kuloga kwa Kiswahili na kuloga kwa Kisukuma ni mzizi mmoja. Hata huko Unyasa na Kongo neno mfumu huwa jina la mtawala. Neno lililompa mtu heshima ya kiti haliwezi kuwa ndugu wa bulogi.

Waliochanganya ni nani? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilieleza uchawi kwa upana mkubwa, hata mtu adaiye kuwa na ujuzi wa mambo ya siri yasiyo ya kawaida aliweza kuingizwa ndani yake. Kwa maelezo hayo mfumu na Muswezi na mlozi wote ni samaki wa wavu mmoja. Sheria nyingine, ya mwaka 2002, ilikuja kuitambua tiba asili na kuiwekea utaratibu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Nasi watu wa dini tulilitilia maji. Huko Haiti, katika miaka 1941 na 1942, Kanisa liliendesha vita juu ya ibada za vodun. Ngoma na vyombo vilichomwa, na watu wakaapishwa. Kwetu vita haikuwa na jina kubwa, lakini ilipiganwa ubaoni, darasani, kila mwaka.

Tuseme basi yaliyo yetu. Tulipokuwa watoto shuleni tulifundishwa kwamba kuagua, kutambika, kupunga, kucheza Buswezi na kuloga ni uchawi, vyote sawa. Tulipokuwa waalimu tuliandika maneno hayo hayo ubaoni kwa safu moja, na juu yake tukaandika UCHAWI kwa herufi kubwa, na watoto wakayanakili. Hatukufikiri zaidi. Miaka ilipita. Siku moja tuliitwa katika mkutano wa kijiji kisicho mbali na reli. Mtoto mchanga alikuwa amekufa, na mjane mmoja mzee alikuwa akitajwa. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa kwetu waliopika maisha yao yote kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Akasimama kijana aliyepita mikononi mwetu, msomi, mwenye mwandiko mzuri. Akasema kwa adabu kwamba bibi yule ana kibanda kidogo nyuma ya nyumba, na ndani yake mna kibuyu na ushanga wa Baswezi. Naye hakuhitaji mwaguzi wa kumwambia kitu, maana shuleni alifundishwa kwamba huo ndio uchawi. Kisha akatutazama sisi, kama mwanafunzi atazamavyo akitaka kuambiwa amejibu vema.

Tulisimama tukasema. Tulieleza kwamba ushanga ule ulikuwa wa nyanya yake, na kwamba Buswezi ni uguzi wa wagonjwa. Wazee waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa walijua. Lakini vijana walikuwa wengi, na neno lao moja lilikuwa fupi kuliko maneno yetu mengi. Usiku ule mjane alivuka reli akaenda kwa binti yake, na kibanda kilichomwa. Hakurudi tena, alikufa huko mwaka wa pili. Tulishukuru kwamba alikufa kitandani.

Wengine hawakupata kitanda. Hesabu zilizokusanywa na serikali, ambazo Bwana Simeon Mesaki amezichunguza, zilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa katika Tanzania kwa sababu ya shuku za uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu yao katika Usukuma. Bwana Mesaki alikumbusha kwamba watu waliokuwa wakikaa mbalimbali waliletwa pamoja katika vijiji, wakakaa wakisikiana kikohozi. Twaongeza kwamba batemi, ambao zamani waliweza kumhamisha mtu aliyeshukiwa pasipo kumwaga damu, waliondolewa kazini mwaka 1963. Sababu ni nyingi, wala hatusemi kwamba neno moja la ubaoni liliua watu wote hao. Twasema kwamba, palipohitajika neno la kumtenga mgonjwa na mwuaji, na mganga na mlozi, tulikuwa tumekwisha kulifuta.

Pengine msomaji atasema: Mnawatetea waganga, nao ndio wenye kutaja majina. Ni kweli. Mfumu amwambiaye mgonjwa kwamba adui yake ni jirani wa upande wa machweo, huyo ametoka katika bufumu ameingia katika damu. Na katika miaka ya 2007 hata 2009 watu wenye ualbino waliuawa katika nchi zetu za ziwa kwa ajili ya dawa za bahati, wakati ambapo wengi walikuwa wakikimbilia dhahabu. Hata serikali ikafuta leseni za waganga wote katika Januari 2009. Lakini hata hapo kutenganisha maneno ndiko kunakosaidia haki. Wazee wetu hawakuwa na haja ya kitabu kujua kwamba auaye mtoto kwa ajili ya viungo vyake ni mlogi, hata akijiita mfumu na kuonyesha cheti. Tukisema wote ni wachawi, mwuaji hupata mahali pa kujificha katikati ya wengi.

Basi hukumu yetu juu ya wachunguzi hawa ni hii. Kazi ya Bwana Cory na isomwe kama ghala ya mambo, na yeyote awezaye kuitia katika Kiswahili atatenda jambo jema. Kitabu cha Bwana Stroeken na kisomwe kwa subira, kwa ajili ya ile hoja ya deni na hofu. Illa twaona upungufu mmoja: tungependa kuisikia zaidi sauti ya yule anayetajwa kuwa mchawi. Twamsikia mgonjwa, twamsikia mganga. Mjane mwenye macho mekundu hukaa kimya pembeni. Mchunguzi ajaye na aanze kwake.

Kwa ndugu waalimu tuna neno moja. Hatuwaombi muamini Lyangombe, sisi hatumwamini. Twaomba mnapoandika ubaoni muandike safu nne badala ya moja, kila jambo kwa jina walilolipa babu zetu, na kulieleza jinsi lilivyo. Kisha mseme kuhusu kila moja yale ambayo imani yenu yawaagiza kusema. Kijana yule bado yuko. Ana watoto, na mkubwa wao yuko darasani mwetu mwaka huu.